Shahidi wa Nne

Tobias Wekulo alirudi kutoka Ubelgiji mwaka wa 1973 akiwa na shahada ya udaktari, mke, na masanduku mawili ya vitabu ambavyo hakuna aliyejua pa kuviweka. Idara ya historia pale chuo kikuu ilimwona mtu wa dini. Idara ya dini ilimwona mwanahistoria. Mapadre nao walimkumbuka kama yule kijana wa Kimilili aliyeacha seminari ikiwa imebaki miaka miwili apewe upadre. Walimsalimu vizuri, lakini mezani hawakumwita. Somo lake lilikuwa historia ya mafundisho ya Kanisa Katoliki kuhusu jamii, tangu Papa alipoandika mwaka wa 1891 kwamba mfanyakazi si chombo cha tajiri na kwamba ana haki ya kuungana na wenzake, hadi barua za mapapa na mtaguso wa maaskofu wa siku zake mwenyewe. Mwaka wa kwanza alipata wanafunzi saba. Mwaka uliofuata wakawa watano. Vijana wa wakati ule walitaka mapinduzi, naye aliwaletea mapapa.

Wenzake chuoni waliishi upande wa pili wa jiji, kwenye nyumba zenye bustani. Yeye alikaa Jericho, mtaa wa wafanyakazi mashariki mwa Nairobi, kwa sababu mkewe, Lenah, alifundisha shule ya msingi ya karibu, na kwa sababu alipenda kusikia watu. Kila Jumapili alikaa kanisani kando ya mafundi, makuli na wanawake wa soko, na ilimchukua miaka mitano kutambua kwamba kile alichokuwa akikitafuta katika maktaba za ng'ambo kilikuwa kimekaa naye benchi moja.

Aliyemfumbua macho ni Bedan Muturi. Alikuwa Mkikuyu wa Murang'a, mfupi, mwenye mabega mapana, aliyeendesha mashine katika kiwanda cha blanketi kule Industrial Area na kuishi mtaa wa Mbotela na mkewe Waithera na binti yao Njoki. Siku moja baada ya misa alimsimamisha mlangoni.

"Mwalimu, nasikia unafundisha mambo ya Papa na wafanyakazi."

"Ndiyo."

"Sisi tulisoma hayo tukiwa mtaa wa Bahati, mwaka wa hamsini na saba."

Tobias alidhani mtu huyu anachanganya mambo. Hamsini na saba ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau, wakati Mkikuyu hakuweza kuvuka barabara Nairobi bila pasi. Lakini Bedan alieleza taratibu. Kulikuwa na katekista aliyeitafsiri ile barua ya Papa kwa Kiswahili, kwa mkono, kurasa kumi na nne. Vijana wanane waliinakili na kuisoma pamoja kila Alhamisi.

"Tulishika rozari mkononi ili askari akichungulia aone tunasali," Bedan alisema. "Na tulisali kweli. Tulisali tukimaliza kusoma."

"Hizo karatasi ziko wapi?"

"Ziko kwangu, kwenye sanduku la nguo."

Kwa miaka mitatu Tobias alikwenda Mbotela kila Jumamosi alasiri. Waithera alimwekea kiti karibu na dirisha na kikombe cha chai kisichokauka, naye Bedan akazungumza. Hapo ndipo Tobias alipogundua kwamba jambo lenyewe halikuwa limekufa. Bedan na wenzake wanne wa kiwandani walikuwa bado wakisoma zile kurasa, katika kikundi kilichokutana parokiani pamoja na wake zao na vijana. Walikuwa wameanza kuuliza ni kwa nini mtu awe kibarua miaka tisa, akiandikwa upya langoni kila asubuhi kana kwamba jana hakuwepo, na kwa nini vumbi la pamba liwajae kifuani bila hata kitambaa cha kuziba pua. Walikuwa wakiandaa barua kwa wenye kiwanda. Kama isingejibiwa, wangeweka kazi chini siku ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, Mei mosi.

Tobias aliandika yote. Alijihisi kama mtu aliyechimba kisima kwenye mwamba miaka mingi, na sasa anaona unyevu. Alikuwa na kitabu mkononi, na sura ya sita ya kitabu hicho hakuna mtu mwingine duniani angeweza kuiandika.

"Andika kila kitu, Mwalimu," Bedan alimwambia. "Lakini majina acha."

Aliahidi. Ila msomi ni msomi. Alikuwa amefunzwa kwamba shahidi asiye na jina ni uvumi tu, basi akatafuta njia aliyoiona ya busara. Katika maandishi aliweka namba: shahidi wa kwanza, shahidi wa pili, hadi wa tano. Katika kidaftari kingine kidogo aliandika kila namba na jina la ubatizo la mwenyewe, jina moja tu.

Lenah alikikuta mezani. "Baba Nafula, hiki ni cha nini?"

"Ni ufunguo. Miaka hamsini ijayo mtu atataka kuthibitisha niliyoandika."

"Miaka hamsini ijayo kuna wenyewe. Mimi nakuuliza mwaka huu. Kichome."

Hakukichoma. Alikificha kabatini katikati ya vitambaa.

Mwezi wa Agosti 1982 wanajeshi walijaribu kupindua serikali wakashindwa. Chuo kikuu kilifungwa, wanafunzi wakatawanywa, na wahadhiri wakaanza kutoweka mmoja mmoja, wengine ndani, wengine nje ya nchi. Tobias hakuogopa sana. Nani angehangaika na mtu wa mapapa?

Walikuja Alhamisi moja ya Oktoba saa nne asubuhi, wanaume watatu waliovaa suti, wakatoa vitabu rafuni kimoja kimoja. Walichukua kitabu kinene cha padre mmoja Mbelgiji aliyekuwa ameupinga ukomunisti kwa kurasa mia tano, kwa sababu neno "ukomunisti" lilikuwa kwenye jalada. Tobias alijaribu kueleza.

"Utaeleza huko," mmoja alimwambia.

Walichukua maandishi ya sura ya sita. Kisha wakafungua kabati.

Huko alikopelekwa, katika jengo la mjini ambalo hakuruhusiwa kuona limeandikwaje mlangoni, alihojiwa na ofisa mmoja tu, jina lake Maingi. Alikuwa mtu mpole wa sauti ya chini, na alijua majibu ya misa kwa Kilatini cha zamani na kwa Kiswahili cha sasa.

"Mimi ni Mkatoliki, Daktari. Nilitumikia misa nikiwa mdogo. Sina ugomvi na Papa." Alifungua faili. "Lakini shahidi wa nne anasema hapa kwamba watu wataweka kazi chini mwezi wa Mei. Shahidi wa nne ni Bedan. Bedan yupi? Nairobi imejaa akina Bedan."

Tobias alikataa kumtaja. Walimnyang'anya miwani. Walimsimamisha kutwa, kucha, ukutani, na kila alipopiga magoti alinyanyuliwa bila matusi. Hakuna aliyempiga, na hilo ndilo lililomtafuna baadaye: hakuwa na kovu hata moja la kujitetea nalo. Siku ya tano miguu ilivimba viatu vikakatwa kwa wembe. Siku ya sita Maingi alimletea kiti, chai na ile miwani.

"Mama Nafula anafundisha darasa la tatu, sivyo?" aliuliza, kama mtu anayeulizia hali ya nyumbani. "Darasa la karibu na lango."

Tobias aliitazama ile chai. Alijiambia kwamba barua ya wafanyakazi ingekuwa na sahihi zao, kwamba wenye kiwanda wangewajua tu, kwamba leo au kesho ni yale yale. Alijiambia mambo mengi kwa dakika chache.

"Niandikie mwenyewe," Maingi alisema, akimsogezea kidaftari. "Nisije nikakosea herufi nikamkamata mtu asiyehusika. Hiyo ingekuwa dhambi."

Tobias aliandika. Mbele ya kila jina la ubatizo aliweka jina la pili, na idara ya kiwandani. Majina matano. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya kiazi.

Baada ya siku mbili aliachiliwa. Majirani wa Jericho walimpokea kwa rozari, nyumba ikajaa hadi uani. Wiki hiyo hiyo Bedan na wenzake wanne walitolewa kwenye foleni ya lango la kiwanda mbele ya watu. Wanne walirudi baada ya majuma matatu wakakuta kazi haipo. Bedan alishtakiwa kwa kuwa na maandishi ya uchochezi, zile kurasa kumi na nne za katekista, zilizokutwa kwenye sanduku la nguo. Alifungwa mwaka mmoja na nusu.

Katika muda huo wote Waithera hakuacha kumtembelea Tobias. Aliuza mboga soko la Jericho, na kila Jumamosi alimletea Lenah fungu la terere au sukuma wiki aliloteua mwenyewe. Parokiani alimwambia kila mtu, "Daktari naye alilala ndani kwa ajili yetu, na hakufungua mdomo." Kikundi, ambacho sasa kilikuwa kimebaki na wake wa waliofukuzwa na vijana wachache, kilimpa kiti cha mbele. Tobias alipokataa walidhani ni unyenyekevu, wakazidi kumpenda.

Lenah hakumwuliza kilichotokea kule ndani. Ila tangu siku hiyo hakuuliza tena lolote kuhusu kazi yake, wala kitabu kimefika wapi.

Chuo kilipofunguliwa alipandishwa cheo akawa mhadhiri mwandamizi. Mkuu wa idara alimpa mkono. "Wengine wamekimbia, Wekulo. Wewe umebaki." Tobias alisema asante.

Bedan alitoka jela katikati ya mwaka wa 1984. Vumbi la pamba lilikuwa limeanza kazi, na sakafu ya jela iliimaliza. Tobias alikaa juma zima kabla ya kwenda. Alipofika Mbotela, Waithera alimkumbatia, akamwekea kile kiti cha dirishani, kisha akaenda zake sokoni ili wanaume wazungumze.

Bedan alikuwa amelala ubavu, blanketi hadi kidevuni.

"Nilionyeshwa karatasi," alisema. "Mwandiko wako naujua, Mwalimu. Ile M yako yenye mguu mrefu."

Bedan alivuta pumzi kwa shida, akaendelea.

"Sijamwambia mtu. Wala Mama Njoki."

"Kwa nini?"

Bedan alikohoa hadi jasho likamtoka, akapumzika. "Wale wanne hawana kazi. Mimi unaniona. Kikundi kimebaki na kitu kimoja tu: wanaamini kuna mtu mwenye masomo alishikwa akakaa kimya. Ukiwaondolea hicho, watafunga mlango kila mtu aende kwake. Kwa hiyo utakaa nacho. Wakikupa kiti cha mbele, kalia. Wakikupa chai, kunywa."

"Bedan, siwezi."

"Uliweza kuandika."

Alisema bila hasira, kama fundi anayemweleza mwenzake jinsi mashine inavyofungwa. Tobias aliteremka kitini akapiga magoti kando ya kitanda, akaomba msamaha.

"Hilo la msamaha nitamalizana nalo na Mungu," Bedan alijibu. "Wewe fanya nililokuambia. Sasa kaa, mke wangu asikukute chini."

Alikufa mwezi wa Novemba. Kabla mwili haujasafirishwa kwenda Murang'a, Waithera aliomba Daktari aseme maneno kanisani. Tobias alisimama mbele ya jeneza akazungumza juu ya vijana wa Bahati na rozari zao, na juu ya heshima ya kazi. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Watu walilia. Aliporudi kwenye benchi, Irungu, mmoja wa wale wanne, alimbana mkono kwa nguvu na hakuuachia hadi wimbo ulipokwisha.

Alistahimili hadi Kwaresima ya mwaka uliofuata. Aliungama kwa padre wa parokia nyingine. Padre akamwondolea dhambi, akampa sala za kusali, naye akazisali zote, na asubuhi yake uzito ukawa pale pale. Sura ya sita, iliyochukuliwa na wale watu wa suti, alikuwa akiiandika upya kwa kumbukumbu. Mchapishaji wa Ubelgiji alikuwa akiingoja. Kila alipoandika "shahidi wa nne" aliyakata maneno hayo kwa kalamu. Siku moja ya katikati ya juma alitoka chuoni akaenda moja kwa moja soko la Jericho, akamkuta Waithera akikatakata sukuma, akamwambia yote, pamoja na lile agizo la Bedan.

Waithera hakuacha kukata hadi fungu lilipoisha. Kisha akaweka kisu.

"Bedan alijua."

"Alijua."

"Na akaniacha nikupelekee mboga."

Waithera alilisogeza lile fungu kando.

"Sasa umekuja kuniambia ili iwe nini?"

"Ili ujue ukweli, Mama Njoki."

"Ukweli." Alifuta mikono kwenye leso. "Mimi nilikuwa na vitu viwili. Mume aliyekufa kwa ajili ya neno, na rafiki yake ambaye hakumuuza. Kimoja umekichukua wewe leo, saa nane hii, mimi nikiwa kazini. Yeye alikuambia ukibebe. Ulibeba miezi mingapi?"

Mteja alikuja akataka nyanya. Waithera alimpimia, akamchagulia zilizo ngumu, akamtakia mchana mwema. Aliporudi kumtazama Tobias sauti yake ilikuwa ile ile.

"Umeshaanza, basi maliza. Kawaambie wale wanne. Usiwaandikie barua, wewe na kuandika kwako. Nenda na miguu. Na kwangu usirudi."

Alikwenda. Mmoja alikuwa amehamia kwao Nyeri na habari zake hazikujulikana. Wa pili, aliyeishi Makongeni, alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, akaingia ndani na kufunga. Tobias alisikia ufunguo ukigeuzwa mara mbili.

Tobias alimpata Irungu mtaa wa Kayole, ambako nyumba ndiyo kwanza zilikuwa zikianza kuota, akibeba mawe ya mjengo. Alisikiliza akiwa amekalia jiwe, kisha akacheka kicheko kifupi kikavu.

"Mimi nilikisia kitambo. Yule karao aliyenihoji alijua mpaka idara yangu kiwandani. Hiyo angeitoa wapi?"

"Lakini ulinishika mkono siku ya mazishi."

"Nilikushika usianguke. Ulikuwa unatetemeka." Aliokota nyundo. "Hicho kitabu chako, bado unaandika?"

"Sijui kama nina haki."

"Andika. Na jina langu weka lote, mpaka la baba. Makarao wanalo, wadosi wa kiwanda wanalo. Kwa nini msomaji ndiye afichwe?"

Wa mwisho alikuwa Wamalwa, mtu wa Webuye, mdogo kuliko wote. Tobias alimkuta mtaa wa Mukuru kwa Njenga, nyumba ya mabati karibu na reli, mkewe akifua nje. Kila siku alitembea hadi Industrial Area kusimama kwenye malango, na kila lango lilikuwa na jina lake kwenye orodha ya wasioajiriwa. Walizungumza Kibukusu. Wamalwa alisikiliza hadi mwisho.

"Una karatasi ya chuo? Ile yenye chapa juu?"

"Ninayo."

"Niandikie barua ya kazi. Sema unanijua tangu utotoni, sema mimi si mtu wa fujo. Wewe jina lako linasikika."

"Wamalwa, nimekuja kukuomba—"

"Nimesikia ulichokuja kuomba. Watoto watatu hawali hayo."

Tobias aliandika barua siku ile ile, akaisahihisha mara nne kama makala ya jarida. Wamalwa alipata kazi ya ulinzi kwenye ghala la nafaka. Katika yote aliyoandika maishani, hiyo ndiyo karatasi moja anayojua kwa hakika kwamba ilimsaidia mfanyakazi.

Mengine yalikwenda kama Bedan alivyosema. Habari zilienea taratibu, bila kelele. Kikundi kilikutana mara mbili zaidi. Mara ya tatu watu wawili walifika, wakangoja nusu saa, wakarudisha ufunguo wa chumba kwa mlinzi wa parokia. Barua kwa wenye kiwanda haikuwahi kupelekwa. Vibarua waliendelea kuandikwa langoni kila asubuhi.

Lenah alipata habari kutoka kwa walimu wenzake. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa kitini mkabala na mumewe.

"Walinitaja mimi, sivyo? Ndipo ukasema."

"Walitaja darasa lako."

"Usinifanye mimi kuwa sababu," alisema. "Hukuniuliza. Ningekuambia nyamaza." Baada ya hapo alipika, wakala, na hawakulirudia neno hilo tena maisha yao.

Kitabu kilichapishwa Ubelgiji mwaka wa 1988. Wanaojua mambo hayo walikisifu, hasa sura ya sita. Mmoja aliandika kwamba historia ya fundisho hilo haiwezi tena kusimuliwa bila vijana wa Bahati. Jina la Irungu limo, lote, hadi la baba. Kuhusu Bedan, Tobias alimtuma Njoki kwa mama yake kuuliza kama jina liwekwe, na jibu lililorudi lilikuwa neno moja: hapana. Tobias alialikwa akafundishe Ulaya mwaka mzima, hakwenda. Alibaki na wanafunzi wake watano au sita, akiwafundisha kwamba mfanyakazi si chombo cha mtu, na alipofika kwenye habari za Nairobi aliwapa kitabu wasome wenyewe, akatoka nje ya darasa.

Hakuhama Jericho wala hakubadilisha parokia, ingawa ingekuwa rahisi. Jumapili alikaa benchi la nyuma kabisa. Waithera alikaa upande wa wanawake, safu tatu mbele, kitambaa cheupe kichwani. Padre alipowaambia watakiane amani, Waithera alimpa mkono aliye kulia, aliye kushoto na walio nyuma yake, akigeuka sawasawa, bila haraka. Macho yake yalipofika safu ya mwisho yalipita. Tobias alikuwa ameweka mikono yake juu ya mgongo wa benchi la mbele, na hakuiinua.